Haidhuru
Maneno yaliyosemwa ukumbini kabla ya mchezo wa Romeo na Juliet kuanza

Wazazi, walimu wenzangu, wageni tuliowaalika na waliojialika, shikamooni. Na ninyi vijana mliojibanza nyuma ya pazia mkidhani minong'ono yenu haifiki huku mbele, inafika. Tulieni.

Nimepewa dakika ishirini. Ukweli ni kwamba fundi wa taa bado yuko juu ya ngazi, na alihitajika mtu wa kuwashikilia ninyi vitini. Sioni vibaya. Nimekuwa na jambo la kusema tangu tulipoanza mazoezi.

Kwenye kadi zenu za mwaliko tumeandika neno tanzia. Mtu wa kawaida akilisikia neno hilo anawaza redio: muziki unakatwa, sauti ya taratibu inasoma kwamba ukoo wa fulani unasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, habari ziwafikie ndugu wa Tanga, wa Mombasa, na popote walipo. Sisi walimu wa fasihi tukalichukua neno hilohilo tukaupa mchezo wa huzuni. Wanafunzi huniuliza kama hatukupata jina jingine lisilo na uchuro. Mimi naona tulilenga vizuri, kwa sababu mchezo wa leo unaanza kwa tanzia hasa. Hujamwona Romeo, hujamjua Juliet ni nani, anatoka mtu mmoja, anasoma mistari 14: anautaja mji, anazitaja koo mbili, anatangaza kwamba watoto wao wawili watakufa. Hata muda anautaja, saa mbili za jukwaani. Aliyekuja kujua kama watapona anaweza kwenda zake nyumbani.

Kwa nini mtu aanze kwa kuufichua mwisho wa hadithi yake? Hilo limewasumbua wengi, lakini anayekwenda msibani hawezi kusumbuka nalo. Ukiingia msibani huulizi kama ni kweli marehemu amefariki. Unatoa pole, unakaa mkekani, unasogea karibu na anayejua, unauliza kwa sauti ya chini: ilikuwaje? Naye anasimulia. Alitoka kazini mapema siku hiyo, akapitia kwa shangazi yake, shangazi akamwambia kaa unywe chai, akasema hapana nina haraka. Anakuja mwingine, inasimuliwa tena, na kila ikisimuliwa neno moja halikosekani: laiti. Laiti angekaa akanywa ile chai. William Shakespeare anatukalisha kwenye mkeka huo. Maiti tumekwisha kuoneshwa. Kilichobaki ni ilikuwaje.

Na kwenye mkeka huohuo hakosi mzee atakayekohoa na kusema: ajali haina kinga. Neno ajali tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni muda uliowekwa, siku ambayo mja hawezi kuiruka. Kwetu likabaki na maana hiyo, kisha likapata nyingine: basi kuacha njia na kugonga mti. Kwa hiyo mzee yule akisema, hujui vizuri kama anazungumzia amri ya Mungu au breki. Pengine na yeye hajui. Msiba unahitaji neno la namna hiyo, shuka pana linalomfunika marehemu pamoja na dereva.

Shuka la Romeo linaitwa nyota. Mtangazaji wa mwanzo anasema wapenzi hawa wamepingwa na nyota, na Romeo anaishika habari hiyo kana kwamba aliisikia. Lakini mwangalieni anazitaja lini. Anapokwenda kwenye karamu ya maadui wa baba yake, bila kualikwa, amevaa kinyago, anasema moyo wake unahofia jambo fulani linaloning'inia huko kwenye nyota. Kisha anaingia. Akimaliza kumchoma upanga Tybalt, binamu yake Juliet, analia kwamba bahati imemchezea, na damu ya mtu bado haijakauka. Mimi simwamini mtu anayeanza kuangalia juu mikono yake ikiwa imeshika kitu.

Miaka kama minne baada ya mchezo huu, katika Julius Caesar, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili ukachapwa mwaka 1963, Shakespeare huyohuyo anamfanya Cassius, anayepanga kumuua Caesar, amwambie Brutus kwamba kosa haliko kwenye nyota, liko ndani yetu wenyewe. Walimu tunayapenda sana maneno hayo, na mitihani inayapenda. Tunalosahau kuwaambia watoto ni jinsi Cassius mwenyewe anavyokufa. Vitani anapewa habari kwamba rafiki yake Titinius ametekwa. Anaiamini hapohapo, anamwamuru mtumishi wake amchome. Kumbe Titinius hajatekwa: wale farasi waliomzunguka walikuwa wa upande wao, na kelele zilikuwa za shangwe. Aliyetukataza kulaumu nyota amekufa kifo cha Romeo, kwa habari iliyopokewa nusu.

Basi ilikuwaje huko Verona? Ilikuwa haraka. Hadithi yenyewe Shakespeare hakuitunga. Waitalia walikuwa nayo, Luigi da Porto, kisha Matteo Bandello aliyeichapisha mwaka 1554. Ikapita Ufaransa, ikaingia Uingereza kwa shairi refu la Arthur Brooke la mwaka 1562. Kwa Brooke mambo haya yanachukua miezi, karibu tisa. Wapenzi wanaoana na wanapata muda wa kuonana kwa siri, na Juliet ana miaka 16. Shakespeare, mnamo 1595, akaja na kisu. Miezi tisa ikawa siku nne au tano. Juliet akapunguzwa umri hadi ikawa bado wiki mbili na ushee atimize 14. Wanaonana Jumapili usiku, wanafunga ndoa Jumatatu mchana, na jua halijatua Mercutio, rafiki yake Romeo, ameuawa, Tybalt ameuawa, bwana harusi amefukuzwa mjini. Ni Julai, jua kali, na Benvolio, binamu yake Romeo, ameshaonya kwamba joto la namna hii huchemsha damu.

Brooke alikuwa amelitilia shairi lake dibaji ya kuwakemea vijana: wamefuata tamaa, wamepuuza wazazi, wamesikiliza vikongwe walevi na watawa washirikina. Shakespeare hakuichukua dibaji hiyo. Hata hivyo imeingia madarasani kwetu kwa mlango wa nyuma. Nimesahihisha insha zisizo na idadi kuhusu mchezo huu, na nyingi zinaishia palepale: mwandishi anatufundisha kuwatii wazazi. Wazazi mliopo mnisamehe, sentensi hiyo huwa siipi alama.

Sisemi vijana hawakukosea. Jumapili asubuhi Romeo hali wala halali kwa ajili ya msichana anayeitwa Rosaline; usiku wa siku hiyohiyo jina hilo limemtoka. Juliet amemzidi akili. Pale dirishani (nasema dirishani kwa sababu Shakespeare hakuandika roshani popote katika mchezo huu, na ile roshani ya Verona wanayopigia picha watalii ilijengwa karne ya 20), anatamka mwenyewe kwamba ahadi hii ni ya ghafla mno, ni kama radi, inazimika kabla hujawahi kusema imemulika. Anajua kabisa. Na mistari michache mbele ni yeye anayetaja ndoa na kutaka jibu kesho. Binti anayecheza sehemu hiyo leo amelielewa hilo kunishinda. Nilimwambia aseme kwa aibu, akakataa, na alikuwa sahihi.

Ila hebu tuwaangalie na wakubwa.

Mzee Capulet, baba yake Juliet, Jumapili mchana anaongea na Paris anayemtaka Juliet. Baba gani mzuri! Mtoto bado mgeni duniani, anasema, ngoja majira mawili ya joto yapite. Halafu utafute moyo wake, maana ridhaa yangu mimi ni kipande tu. Jumatatu usiku Tybalt yuko kwenye sanda, nyumba inalia, mzee anaamua kumwozesha binti. Anauliza: leo siku gani? Jumatatu, bwana. Aa, basi Jumatano ni karibu mno, iwe Alhamisi. Jumanne asubuhi Juliet anakataa, na baba yule wa majira mawili ya joto anamwambia akajinyonge, aombe, afe njaa, afie barabarani. Mama amekwisha kutamka kwamba heri mpumbavu huyu angeolewa na kaburi lake. Yaya, aliyemnyonyesha, aliyebeba ujumbe wa siri kwenda kwa Romeo jana tu, anamshauri aolewe na Paris, kwa kuwa Romeo akipimwa naye ni tambara la kuoshea vyombo. Mtoto wa miaka 13 amebaki hana mtu mzima hata mmoja wa kumwambia ukweli, isipokuwa padri.

Padri Laurence anampa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42. (Msizipige hesabu saa hizo kwa vidole, hazilingani vizuri na siku za mchezo, Shakespeare hakuwa karani.) Mpango ni wa hatari lakini una nafasi ya kupumua: leo Jumanne, harusi Alhamisi, barua itatangulia kwa Romeo kule Mantua, mji alikokimbilia. Juliet anarudi nyumbani, anampigia baba yake magoti, anaomba msamaha kama alivyofundishwa. Na hapa ndipo mimi huwa nashika kichwa kila mwaka. Mzee anafurahi. Anafurahi kiasi kwamba hawezi kungoja, anaivuta harusi mbele hadi kesho, Jumatano, ileile aliyoiita karibu mno kwa mdomo wake. Matusi yote ya asubuhi hayakuua mtu. Siku moja iliyokuwa akiba ya padri imeliwa na furaha ya baba aliyepatana na mwanawe.

Padri naye simwachi. Asubuhi ya Jumatatu Romeo anamsihi awafungishe ndoa mara moja, naye anamjibu kwa maneno ambayo bibi yangu angeyatia saini: polepole na kwa busara, wakimbiao hujikwaa. Mchana wa siku hiyo anawafungisha. Ana nia njema, anadhani ndoa hii itageuza chuki ya koo mbili kuwa undugu.

Tusimame kidogo kwenye nia njema. Aristotle, mwanafalsafa wa kale aliyechambua tanzia za Wagiriki kama ile ya mfalme Edipode, anasema mtu anayetutia huruma jukwaani hapati maangamizi yake kwa sababu ya uovu, anayapata kwa hamartia. Neno hilo lina undugu na kitenzi walichokitumia Wagiriki kwa mtu aliyetupa mkuki ukapita pembeni. Wafasiri wa lugha nyingine wametoka jasho hapo: wapo waliosema dosari ya tabia, wapo waliosema dhambi. Kiswahili hakina haja ya kutoka jasho. Mwindaji amekosa. Mpiga penalti amekosa. Mtoto amekosa, muombe baba radhi. Kitenzi ni kilekile, na hakuna anayechanganyikiwa.

Romeo anakosa hivyo, kwa maana zote mbili, pale katikati ya mchezo, na nawaomba msikodoe macho kwenye panga mkaacha kuuona mkono. Saa moja hivi tangu afunge ndoa, Tybalt anamtukana. Anakataa kupigana, kwa kuwa Tybalt sasa ni shemeji, ila hawezi kusema. Mercutio anaona aibu kwa niaba yake, anachomoa upanga. Romeo anafanya jambo la kiungwana kuliko yote aliyoyafanya mchezo mzima: anajitupa katikati, ananyoosha mkono kuwatenganisha. Upanga wa Tybalt unapita chini ya mkono huo. Mercutio anamuuliza, kwa nini uliingia kati? Nimechomwa chini ya kwapa lako. Na Romeo anajibu kwa sentensi fupi ya mtoto aliyevunja mtungi akisaidia kuubeba: nilidhani nafanya jema.

Mercutio anakufa akilaani: tauni izipate nyumba zenu zote mbili. Mwaka 1592 hadi 1594 tauni ilikuwa imefunga majumba ya michezo ya London kwa vipindi virefu. Waliokuwa wakitazama hawakulisikia neno hilo kama tusi la kupita. Na laana yake inatimia kwa njia ya kikarani kabisa. Barua ya Padri Laurence kwenda Mantua alipewa mtawa mwenzake, John. John akaenda kumtafuta mtawa mwingine wa kufuatana naye, akamkuta nyumba moja akiwaona wagonjwa. Wakaguzi wa mji wakashuku kuna tauni, wakaifunga nyumba na wao wakiwa ndani. Barua haikwenda, wala hakupatikana mtu wa kuirudisha, kila mmoja anaogopa kuishika. Hapo hakuna mbaya hata mmoja. Wakaguzi walikuwa wakifanya kazi yao, na waliifanya vizuri.

Mkiuliza nyota ziko wapi, nitakubali zipo hapo, ziko mlangoni kwa nyumba ile. Sikatai. Nasema tu kwamba hazikuwa na kazi kubwa. Wengine walikuwa wamekwisha kusukuma gari mpaka ukingoni.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watazamaji hulicheka na kulisahau. Yote haya yanaanza kwa mtu asiyejua kusoma. Capulet anampa mtumishi orodha ya wageni wa karamu, akawaite mjini. Mtumishi hajui kusoma, na anaona haya kusema. Anamsimamisha kijana wa kwanza anayemwona barabarani: bwana, unajua kusoma? Kijana huyo ni Romeo, mtoto wa adui. Romeo anamsomea orodha yote, kwa upole, na humo analiona jina la Rosaline. Ndiyo maana anakwenda karamuni. Shikeni hilo. Mwishoni kabisa, kaburini, Romeo huyohuyo amemshika mkewe, na anasema kwa mdomo wake kwamba mauti bado hayajaushinda uzuri wake, kwamba midomo na mashavu yangali na wekundu. Ameuona wekundu. Ameutamka. Msomaji mwema wa orodha ya watu wengine ameshindwa kusoma uso ule, na sumu aliyoinunua kwa dukati 40, sarafu za dhahabu, anayo mfukoni.

Dakika chache baadaye anakuja Padri Laurence na taa, anakimbia, na analalamika mara ngapi usiku huu miguu yake ya kizee imejikwaa makaburini. Wakimbiao hujikwaa, mnakumbuka. Juliet anaamka mbele yake. Anamwambia mumeo amekufa, twende nikakuweke kwa masista. Anasikia sauti za walinzi. Anasema sithubutu kukaa zaidi. Anaondoka. Anamwacha humo peke yake, na jambia la Romeo.

Nimemwacha mtu mmoja makusudi. Anaitwa Balthasar, mtumishi wa Romeo. Ana mistari michache na kijana wetu anayemcheza alipopewa sehemu hii alinuna wiki nzima. Balthasar amemwona Juliet akizikwa, na kwa mapenzi aliyo nayo kwa bwana wake akapanda farasi saa hiyohiyo kwenda Mantua. Habari isiyo kweli ilipata farasi. Ya kweli ilikuwa imefungiwa na wagonjwa. Na angalieni: Padri alikuwa amemwahidi Romeo kwamba habari zote atamletea kwa mkono wa mtumishi huyu huyu. Alipoandika barua ya maana kuliko zote akampa mtu mwingine, na Balthasar hakuambiwa kitu.

Romeo anapomwona tu anauliza: huniletei barua kutoka kwa padri? Kisha anauliza habari za mkewe, anaambiwa, anazikaidi nyota, anaagiza farasi. Halafu anauliza tena. Mara ya pili. Hakuna barua yoyote ya padri? Balthasar anajibu, hapana, bwana wangu. Na Romeo anasema neno ambalo kwa Kiswahili tumelitafsiri: haidhuru.

Mazoezini kijana wetu aligoma hapo. Mwalimu, mbona simwambii angoje barua? Amesema mara mbili, si anaonesha anaitaka? Nikamwambia mstari haupo. Akasema, lakini mimi nipo. Tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga ukumbi. Sikumpa ruhusa ya kuongeza neno, na hajaongeza. Ila tangu siku ile akishasema hapana, bwana wangu, anavuta pumzi na kufungua mdomo, na mwenzake anamkatiza kwa lile haidhuru kabla sauti haijatoka. Sikumfundisha. Atakuwa upande wa kushoto, karibu na nguzo, taa haimfikii vizuri, kwa hiyo mkiwa mnamtazama Romeo mtampoteza.

Fundi ameshuka kwenye ngazi. Zimeni simu zenu, na waliokaa pembeni sogeeni katikati, kuna watu bado wamesimama mlangoni.